Bupati Anatafuta Babu

Sendang Wungu, 22 Julai 2007

Kwa Baba Mkubwa Pawiro, Lampung

Assalamu alaikum. Shikamoo Baba Mkubwa, na shikamoo nyingine mfikishie Mama Mkubwa. Sisi huku ni wazima. Kuwat mume wangu anaumwa jino lakini hataki kung'olewa, anasema amezaliwa nalo, kitu ambacho hakijawahi kumtokea mtu yeyote. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mwanetu Rukmi amefaulu kuingia kidato cha pili na sasa anatusahihisha sote tunavyoongea. Mpunga umechanua vizuri, maana chemchemi haijapungua hata kwa kiangazi hiki.

Sasa nikwambie kilichonifanya ninunue bahasha. Bupati, mkuu wetu wa wilaya, amekuja kilimani.

Bupati Hardiman, yule tuliyempa wilaya nzima kwa sababu alikuwa akija vibandani kula pecel na sisi kwa mkono, kandambili miguuni, akisema, "Mimi mtoto wa muuza tofu, mimi ni wenu." Nilimpigia kura mimi, na baba, Mungu amrehemu, alimpigia pia miezi miwili kabla hajafariki. Basi kandambili hatuzioni tena. Siku hizi anavaa kilemba cha batiki, ana jambia la keris nyuma ya kiuno, ana mtu wa kumshikia mwavuli na mtu wa kumshikia simu. Ofisi ya wilaya imeongezewa nguzo ishirini na mlango ambao hakuna anayeruhusiwa kuupita isipokuwa yeye. Kilichobaki kumkosesha usingizi ni babu. Amejenga kasri, halafu akikaa ndani anakumbuka kwamba babu yake alikuwa anasukuma mkokoteni.

Amemwajiri mtaalamu wa nasaba, Dokta Prabawa, udokta wa nini sijui. Huyo ndiye aliyegundua kwenye kitabu cha zamani kwamba Kyai Lintang Abang, huyu mtakatifu wetu, ambaye ukoo wetu unalitunza kaburi lake pale juu, alikuwa mwana wa mfalme aliyetoroka ikulu ya Mataram. Na Bupati, unaambiwa, ni kizazi chake cha kumi na mbili.

Wanataka kujenga jumba la marumaru juu ya kaburi, lenye paa la ngazi saba. Uwanja wa mabasi arobaini. Mikuyu yote mitano ikatwe ili jumba lionekane toka barabarani. Nikauliza, "Mikuyu ikikatwa, chemchemi je?" Dokta akanijibu, "Mama, tutachimba kisima cha mashine." Kisima kama kile cha kijiji cha jirani, nadhani, kilichotoa maji miezi miwili, kisha tope, kisha upepo. Kaya sitini na mbili huku zinakunywa na kulima kwa chemchemi ile, wewe unazijua, nyingine ulicheza uani kwao utotoni.

Jiwe la msingi linawekwa siku ya kwanza ya mwezi wa Sura, Januari. Wanataka ushahidi wa maandishi wa mkubwa wa ukoo wa watunzaji, na mkubwa aliyebaki ni wewe. Baba Mkubwa, huyu Kyai ni mwana wa mfalme kweli? Baba hakuwahi kuniambia. Kila Alhamisi jioni alipanda na maua na konzi ya mahindi, akakaa, akavuta sigara yake moja ya karafuu, akashuka. Nami nafanya vilevile, bila sigara. Sikuwahi kuuliza.

Nakuandikia uani, chini ya mwavuli mpya wenye pindo za dhahabu, maana jua ni kali.

Mwanao, Warsiti


Lampung, 19 Agosti 2007

Kwa mwanangu Warsiti

Waalaikum salaam. Marahaba, marahaba. Barua yako imechukua wiki tatu kufika. Mwanangu Suroto alininunulia simu ili mambo yawe ya haraka, lakini ilitumbukia kwenye ndoo ya utomvu wa mpira na sasa ni mpira. Nimeiweka dirishani, inazuia dirisha lisijifunge. Mama yako Mkubwa mzima. Magoti yangu yamegawana kazi, moja linauma mvua ikija na jingine ikiondoka. Nyani wameshika shamba la mihogo na nimeacha kugombana nao, nachukua wanachobakisha.

Mwambie Kuwat jino likianza kuuma usiku na mchana si lake tena, ni la fundi wa meno.

Nimefurahi kusikia mpunga umechanua. Je, bado mnaufungua mfereji wa juu kwa zamu, au mmeshaanza kuibiana maji kama tulivyofanya sisi? Baba yako alikuwa mwizi mkubwa wa maji. Ukimtazama usoni ungedhani ametoka kuswali.

Kuhusu Kyai Lintang Abang: mwambie Bupati hakuwa mwana wa mfalme. Alikuwa mtu wa kawaida pale kijijini, hana cheo, anakula alichopewa. Mtafutaji wa ukubwa atamwacha mara moja. Si lazima niandike ushahidi wa mtu wa kawaida, utamwambia tu kwa mdomo.

Na huo mwavuli wenye pindo za dhahabu, mwanangu, umeupata wapi?

Baba yako Mkubwa, Pawiro


Sendang Wungu, 16 Septemba 2007

Kwa Baba Mkubwa

Assalamu alaikum, shikamoo. Tuko siku ya nne ya Ramadhani. Kuwat ameng'oa jino hatimaye, na sasa anaomba kila mtu alione, amelihifadhi kwenye kikopo cha chai. Rukmi amefunga siku zote nne, lakini ugomvi wake ikikaribia magharibi ni wa watu watatu. Kabla ya Ramadhani tulisafisha makaburi kama kawaida, nikampelekea baba wali wa ketan na kahawa, nikamfikishia salamu zako.

Ulivyoniagiza nilifanya. Nilikwenda ofisi ya wilaya, nikasema mbele ya Bupati na Dokta kwamba Baba Mkubwa wangu anasema marehemu alikuwa mtu wa kawaida, hana cheo, anakula alichopewa.

Baba Mkubwa, Bupati akalia. Machozi ya kweli, mpaka mshika simu akatafuta kitambaa. Akasema, "Mnasikia? Mwana wa mfalme aliyeacha ikulu akaja kuishi na wanyonge. Ni mimi huyo. Ni mimi kabisa." Dokta akaandika palepale. Kesho yake gazeti la wilaya likatoka na picha ya Bupati chini ya maandishi makubwa: MFALME WA WANYONGE. Jumba limeongezwa ukubwa. Sasa lina sanamu mbili, Kyai akiwa amevaa nguo za mkulima na Bupati akiwa amevaa za mfalme, wameshikana mikono.

Dokta naye hakulala. Amegundua Kyai alikuwa na wake wanne na watoto zaidi ya thelathini, shujaa wa mapambano asiyewahi kushindwa, mwekundu wa uso, na alikuwa anaamka alfajiri kabla ya wote.

Na wametia alama ya X kwenye mikuyu, kwa rangi nyekundu. Mitano yote. Rukmi alikuja mbio kuniambia, nikapanda mwenyewe kuona. Nilijaribu kuifuta kwa kumbi la nazi, haifutiki.

Fanya kitu Baba Mkubwa. Siku zinakwenda.

Mwanao,
Nyi Mas Reksa Kusuma (Warsiti)


Lampung, 20 Oktoba 2007

Kwa Nyi Mas Reksa Kusuma, kama bado anapokea barua za watu wa kawaida

Idi njema. Kama desturi inavyotaka, naomba unisamehe makosa yangu ya dhahiri na ya siri, nami nakusamehe yako, ingawa naona yako ya siri ni mengi kuliko nilivyodhani.

Kwanza habari za huku. Suroto alikuja na wajukuu, wamekula kila kitu wakaondoka. Mama yako Mkubwa alipika opor ya kuku wawili, sikula. Unajua sili kuku. Watu wamenidhihaki kwa hilo miaka arobaini, nimezoea.

Sasa, mwanangu. Umezaliwa Warsiti. Nilikuwepo, nilikwenda kumwita mkunga mvua ikinyesha na kandambili moja ikabaki kwenye tope, mpaka leo iko huko. Nani amekupa Nyi Mas? Mwavuli wa dhahabu niliuliza ukanyamaza. Jina refu limekuja lenyewe kwenye sahihi, likakaa juu, lile alilokupa baba yako likafungiwa kwenye mabano. Watu hawapewi mwavuli na jina bure. Umetia saini karatasi gani?

Usinizungushe. Nikijua ndipo nitajua la kuandika.

Pawiro, hana cheo


Sendang Wungu, 11 Novemba 2007

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Wote wazima. Mvua zimeanza. Leo sina habari za ng'ombe.

Nilitia saini mwezi wa Juni, kabla hata sijakuandikia barua ya kwanza. Karatasi inasema mtunzaji wa kaburi hana pingamizi na ujenzi wowote. Naogopa hata kuiandika hapa.

Nikueleze ilivyokuwa. Miaka yote nikienda ofisi ya wilaya, kwa cheti cha Rukmi, kwa kifo cha baba, nilisimama. Mlangoni, kwenye korido, mbele ya meza. Siku ile Bupati mwenyewe alinyanyuka, akavuta kiti, akasema, "Kaa hapa karibu nami, dada yangu. Wewe ndiye uliyemtunza babu yangu." Nikakaa. Kiti kilikuwa na mto wa mahameli. Nikaletewa chai kwenye kikombe chenye kisahani. Akaniambia jina langu jipya, akalitamka taratibu, na watu wote mle ndani wakainamisha vichwa. Kalamu ilipokuja, ningetia saini hata karatasi ya kuuza masikio yangu. Mikuyu sikuisoma. Ilikuwa ukurasa wa tatu.

Nina aibu. Wanawake wameacha kuongea na mimi chemchemini. Nikifika wanajaza ndoo kimya, wanaondoka. Bu Tugiyem, aliyeninyonyesha mama alipokuwa mgonjwa, jana aliniambia, "Pita wewe kwanza, Nyi Mas," akasogea pembeni. Nililia njia nzima, maji yakamwagika nusu.

Nilirudi kumwomba Bupati anirudishie karatasi. Sikupita mlangoni. Dokta alitoka nje akaniambia neno la mtunzaji limeshatolewa, na linaloweza kulivunja ni neno la mkubwa wa ukoo peke yake, likisomwa siku ya jiwe la msingi, ndiyo desturi. Alisema huku akicheka, maana anajua uko mbali na ni mzee.

Kwa hiyo ni wewe. Na safari hii usinipe habari za nyani. Ni nani amelala pale? Usiponiambia, nitachukua jembe nichimbe mwenyewe.

Warsiti. Mwavuli nimeurudisha.


Lampung, 2 Desemba 2007

Mwanangu Warsiti,

Weka jembe chini.

Sina hasira. Nilikuwa nayo siku mbili, nikaichukua kwenda nayo kugema mpira, nikaisahau huko. Mtu aliyesimamishwa miaka yote akivutiwa kiti lazima akae. Hata mimi ningekaa. Kosa ni la aliyekivuta, anajua uzito wa kiti kwa mtu aliyechoka, maana na yeye alisimama zamani.

Usinidhanie nimekawia kwa uzee. Nimewaza. Nikisema kaburi lile si la mwana wa mfalme wala mtakatifu wala chochote, Bupati ataondoka, sawa. Lakini wiki inayofuata watapanda wachana mbao. Kinachoilinda mikuyu ile ni Kyai. Mkimwondoa yeye, imebaki mbao tupu, na mbao nzuri. Kwa hiyo Kyai lazima abaki mkubwa, awe mkubwa kuliko Bupati.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, nimeifunga kwa nta. Hiyo ndiyo ushahidi. Usiwape kabla ya siku yenyewe. Usomwe mbele ya watu wote na mbele ya wapiga picha, Bupati akiwa amesimama hapohapo. Nakueleza kilichomo ili usishtuke. Nimekiri kwamba ndiyo, marehemu ni mwana wa mfalme, na kwamba ameacha wosia uliohifadhiwa katika ukoo wetu. Wosia unasema siku moja watakuja wawili wanaodai damu yake. Wa uongo atatambulika kwa kutaka kumjengea paa na kukata kivuli chake. Wa kweli atapanda kilima kwa miguu, peku, amebeba maji ya chemchemi begani, ataweka mahindi kwa mkono wake, na ataacha kila jani lilipo. Hapo achague mwenyewe ni yupi.

Makaburi yanayokataa paa unayajua, yamejaa Java nzima. Hakuna atakayeshangaa.

Ulilouliza nitakujibu kwa barua nyingine. Nitaipeleka posta baadaye, makusudi, ikufikie mambo yakiwa yamekwisha. Uso wako haujawahi kuficha kitu tangu utotoni. Ulikuwa ukiiba sukari, sukari yenyewe inaonekana usoni. Siku hiyo nakuhitaji na uso wa msiba.

Pawiro


Lampung, 18 Desemba 2007

Mwanangu Warsiti,

Ukisoma hii, jiwe la msingi limeshapita, na nakuombea liwe limepita vizuri. Kaa chini kwanza. Mama Mkubwa anakusalimu.

Mwaka 1968 baba yako alikuwa na jogoo. Mwekundu, ana doa jeupe kifuani. Alimpenda kuliko sisi sote, na alimpa jina la heshima kama watu wanavyoyapa magongo ya kale na mikuki: Kyai Lintang Abang. Jogoo yule alipigana mara kumi na tisa hakushindwa hata mara moja. Wake alikuwa nao wanne, Dokta hapo hakukosea. Alikufa kwa uzee, mikononi mwa baba yako. Ndugu yangu Jumangin alilia siku tatu na hakukubali apikwe. Tukampandisha kilimani, tukamviringisha kitambaa cheupe, tukamzika kati ya mikuyu, baba yako akamwachia konzi ya mahindi.

Siku ya tano mkuu wa kijiji, aliyekuwa mgeni kwetu, alipanda na mfanyabiashara wa mbao kuipima ile mikuyu. Walitukuta pale tumekaa. Akaona kilima kidogo cha udongo, kitambaa, maua. Akauliza, "Hapa kuna nani?" Baba yako bado alikuwa kwenye majonzi, wala hakukusudia ujanja. Akasema, "Kyai Lintang Abang. Tafadhali vueni viatu."

Wakavua viatu, mwanangu. Wote wawili. Mkuu wa kijiji akasema, "Mbona fupi?" Baba yako akajibu, "Watakatifu hawahitaji nafasi kubwa." Mfanyabiashara akakunja kamba yake ya kupimia, akashuka bila kugeuka.

Kesho yake tukalirefusha kaburi, tukapanga mawe. Wazee wa kijiji walijua fika hapakuwa na kaburi lolote pale, lakini walikuwa na mashamba. Baada ya mwezi kila mmoja akaanza kukumbuka babu yake alivyomtaja Kyai. Baada ya miaka mitano hata mimi nilikuwa naapa kwa jina lake.

Sijala kuku tangu hapo. Nikimwona kwenye sahani namwona yeye.

Baba yako hakukwambia kwa sababu tuliapishana. Siri ya watu wawili ikiingia kwa wa tatu inakuwa habari. Nilipohamia huku mwaka 1974, nilimwachia fungu langu la shamba na lile kaburi. Akanisindikiza mpaka kwenye lori, akaninong'oneza, "Kaka, kila Alhamisi naona kama napasuka kwa kicheko." Nikamwambia, vuta sigara, mtu akivuta sigara anaonekana ana mawazo. Ndiyo ile sigara moja ya karafuu uliyokuwa unaiona.

Nimemkosa sana ndugu yangu. Wa kucheka naye jambo hili alikuwa yeye tu, sasa nimebaki nacheka peke yangu kwenye mipira, na wagemaji wenzangu wanadhani nimezeeka vibaya.

Pawiro


Sendang Wungu, 13 Januari 2008

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Ni Warsiti tu. Kuwat, Rukmi, ng'ombe na ndama wote wazima, habari zao nitakupa nikipata pumzi.

Barua yako haikuchelewa kama ulivyopanga. Lile lori la posta, ambalo huharibika kila mara, safari hii halikuharibika. Alhamisi asubuhi, tarehe kumi, mtu wa posta alinikuta chini ya kilima katikati ya watu elfu tatu, akanipa bahasha mkononi. Nikaona mwandiko wako. Nikadhani umebadilisha kitu kwenye ushahidi. Nikafungua.

Lakini nianze na mwanzo. Bupati alikuja kwa gari la farasi lililopakwa rangi ya dhahabu, farasi wanane. Wawili walikula mapambo ya mlango wa sherehe. Alishuka kwenye zulia, kilemba, keris, viatu vyenye ncha zilizokunjwa juu. Nikamkabidhi mzee wa baraza bahasha yako ya nta, akaisoma kwenye kipaza sauti kwa ile sauti yake ya kuzikia watu. Dokta Prabawa alijaribu kumkatiza kwenye neno "paa." Watu wakamzomea.

Uwanja wote ukamgeukia Bupati. Yeye akaitazama mikuyu yenye X, akatazama kamera, akatazama viatu vyake. Niliona anavyohesabu kichwani, Baba Mkubwa. Halafu akainama akavua kimoja, kisha cha pili. Watu wakapiga kelele ambazo hajapigiwa tangu siku za pecel. Akaagiza mti wa kubebea na ndoo mbili za chemchemi.

Alipanda kilima chote, peku, na tumbo lile. Maji yalimwagikia nguo za kifalme mpaka zikamganda. Mimi kama mtunzaji nilipaswa kumfuata hatua tano nyuma. Na ni hapo, kwenye ngazi za mawe, ndipo nilipoisoma barua yako. Nilifika kwenye "Tafadhali vueni viatu" wakati nyayo zake zikiwa mbele ya macho yangu.

Juu alipiga magoti. Akapewa mahindi kwenye sinia la dhahabu, akayachota kwa mkono wake, akayamwaga juu ya mawe punje kwa punje. Akasema kwa sauti iliyovunjika, "Babu, mjukuu wako amerudi nyumbani."

Nilijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yalitikisika, nikakaa chini kabisa, machozi yananitoka. Ulisema uso wangu hauwezi kuficha kitu, na kweli haukuficha, ni watu tu waliosoma vibaya. Bu Tugiyem alikuwa wa kwanza kunifikia, akanikumbatia, akasema, "Basi mwanangu, basi, tumekusamehe." Wanawake wote wakaanza kulia. Bupati akanyanyuka, akanifuta machozi kwa kitambaa chake mwenyewe, na yeye analia. Naona alikuwa analia kweli. Hapo karibu nimwonee huruma, mtoto wa muuza tofu, nyayo zinatoka damu, amefurahi kama aliyetahiriwa jana akapewa baiskeli.

Akatangaza palepale: hakuna paa, hakuna mabasi, hakuna mti utakaoguswa milele, na atakayeugusa atakutana na sheria ya wilaya. Sheria ameitia saini juzi, nimeisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Marumaru zilikuwa zimeshanunuliwa, kwa hiyo amechukua moja, kubwa kama mlango, ameisimamisha pembeni ya njia. Imechongwa herufi za dhahabu, ili watoto na watoto wao wajue. Nimekunakilia neno kwa neno: HARDIMAN, BUPATI, KIZAZI CHA KUMI NA MBILI CHA LINTANG ABANG, DAMU YAKE NA ROHO YAKE.

Hiyo haitoki, Baba Mkubwa. Imechongwa kina cha kidole.

Jioni ile watu waliposhuka nilibaki peke yangu na konzi yangu ya mahindi. Nilikaa pale baba alipokuwa anakaa. Nimemzika mwaka juzi nikidhani nimemzika mcha Mungu asiyecheka, mtu niliyemwogopa kidogo. Kumbe miaka thelathini na minane alikuwa anapanda pale na kujizuia. Nilimkasirikia kwa kutoniambia, nikalia, safari hii kilio chenyewe. Halafu nikacheka kwa sauti mpaka ndege wakaruka kwenye mikuyu, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili yako.

Siri haijaingia kwa wa tatu. Ilikuwa ya wawili na bado ni ya wawili. Nimenunua pakiti ya sigara za karafuu. Kuwat anashangaa, nimemwambia ni za kuonekana nina mawazo.

Mwanao, Warsiti, mtunza jogoo